Mapatano Yasiyoandikwa: Gongo, Bangi na Wenye Amri katika Nyanda za Juu za Kusini

Mwishoni mwa mwezi wa Desemba, mwaka wa 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliutangazia umma kwamba katika msako wa siku chache ilikuwa imekamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, nyingine Dar es Salaam na nyingine Iringa. Ilisemwa kwamba shehena kubwa kiasi hicho ilikuwa haijapata kukamatwa nchini. Jina la Dar es Salaam halikumshangaza mtu, maana bandari ni mlango, na mlangoni hupita kila kitu. Jina la Iringa ndilo lililowafanya watu watazamane. Iringa katika mawazo ya wengi ni nchi ya baridi, ya mahindi na mbao, ya chai ya Mufindi na shule za misheni. Vipi sumu ya namna hiyo ipate makao huko?

Mimi ni mwenyeji wa nyanda hizo, nami sikushangaa kwa kadiri ile. Naomba nieleweke mapema. Sisemi kwamba mzigo ule ulilindwa na mtu yeyote mwenye cheo. Jambo hilo ni la mahakama, nami si shahidi wake. Ninalotaka kulichunguza ni la zamani zaidi na dogo zaidi kwa sura: namna kitu kilichopigwa marufuku kilivyoishi katika Iringa na Mbeya, tangu siku za Waingereza mpaka zama zetu, machoni pa watu waliopewa kazi ya kukiondoa, na namna watu hao na wale waliovunja sheria walivyojifunza kukaa pamoja. Waandishi wa historia yetu wametuambia mengi juu ya sheria. Juu ya mapatano yaliyokaa chini ya sheria wametuambia machache, na sababu yake ni nyepesi kuiona, kwa kuwa mapatano hayo hayakuandikwa.

Kabla ya boma kujengwa, pombe katika nchi hizi haikuwa nje ya utawala. Wahehe na Wabena walipika ugimbi kwa nafaka, na majira ya mvua waligema ulanzi kwa kukata ncha za mianzi michanga na kutega mbeta asubuhi na jioni. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na kimpumu, kinachonyonywa kwa mirija katika chungu, watu wakikizunguka. Pombe ililipa kazi ya shamba, ilipatanisha wagomvi, na ilipelekwa kwa mkubwa wa nchi kuwa heshima yake. Jambo hili la mwisho nataka msomaji alishike: mwenye amri alikuwa tangu kale na fungu lake katika chungu, wala hapana aliyeliita fungu hilo mlungula. Bangi nayo ilijulikana, ijapokuwa si kwa wingi wa pombe. Jina lake latoka Bara Hindi. Lilivuka bahari pamoja na biashara, kisha likapanda bara na misafara. Ng'ambo ya mto Songwe, katika Malawi, mmea ule ule huitwa chamba.

Sheria zilizokuja kuvigawa vitu hivi katika halali na haramu hazikutungwa Iringa wala Mbeya, wala hata Dar es Salaam. Mkutano wa Brussels wa mwaka wa 1890 ulizuia pombe kali zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka wa 1919 ulilikaza fundo hilo na kukataza zisitengenezwe humo. Miaka sita baadaye, katika mkutano wa Geneva ulioitishwa kwa ajili ya kasumba, mjumbe wa Misri alisimama akataka bangi nayo itiwe katika orodha, ikatiwa. Wajumbe wale walikuwa wakiifikiri Misri, na baadhi yao Bara Hindi. Hapana aliyemfikiri mvutaji wa Usangu. Lakini Tanganyika ilikuwa nchi iliyokabidhiwa Waingereza na Shirikisho la Mataifa, na aliyekabidhiwa hutoa hesabu. Basi neno lililosemwa kando ya ziwa la Uswisi likaandikwa katika sheria za Tanganyika, likapewa askari wachache waende nalo porini.

Askari wale kweli walikuwa wachache, na hapa ndipo historia yenyewe inapoanza. Mwaka wa 1926 Gavana Donald Cameron aliuweka utawala wa kuwatumia wakubwa wa wenyeji. Sheria ya mwaka huo iliwapa watemi uwezo wa kutoa amri za kuzuia au kupunguza upikaji wa pombe, na za kuzuia kilimo cha mimea yenye sumu. Kukawako na hazina ya wenyeji. Ndani yake ziliingia faini za mabaraza, na humo ndimo ulimotoka mshahara wa mtemi, wa majumbe wake, wa karani na wa tarishi. Yatazame mambo haya mawili kwa pamoja. Mtu yule yule aliyepewa kazi ya kukomesha pombe isiyo halali alikuwa akilipwa kwa sehemu kutokana na faini za wale walioipika. Pombe ikikoma kabisa, hazina ilipungukiwa. Pombe ikizidi mno, Bwana Shauri aliuliza maswali. Palikuwa na kiasi katikati ya mambo hayo mawili, na mtemi mwenye akili alikijua kiasi hicho kama mpishi ajuavyo chumvi.

Siyasemi haya kwa kuwadharau watemi. Walitiwa katika nafasi ambayo mtu mwema na mtu mbaya wangetenda karibu sawa. Wapikaji wa pombe walikuwa dada zao na wake wa ndugu zao, na sheria ilikuwa ya mgeni. Kumfunga mwanamke miezi mitatu kulileta uadui wa ukoo mzima. Kumwacha kulileta barua kutoka bomani. Kumtoza faini ndogo kila baada ya mavuno kulimridhisha kila mtu, na yeye mwenyewe akaihesabu katika gharama zake pamoja na kuni. Faini inayotozwa mara kwa mara, kwa kiasi kile kile, kwa mtu yule yule, haiwi adhabu tena. Huwa leseni, ila ni leseni isiyompa mwenye kuilipa haki yoyote, maana kesho aweza kutozwa tena au kufungwa, naye hana karatasi ya kuonyesha. Katika tofauti hiyo, kati ya leseni yenye karatasi na leseni isiyo na karatasi, ndimo zilimokaa nguvu zote za wakubwa.

Iringa ilikuwa na bahati ya kuchunguzwa wakati huo huo. Mtaalamu wa mila, Gordon Brown, na Bwana Shauri, Bruce Hutt, walishirikiana kuutazama utawala wa Wahehe, wakachapisha kitabu juu ya jaribio lao mwaka wa 1935. Ni kazi ya heshima, nami nimenufaika nayo. Walakini mtawaliwa hamwambii Bwana Shauri, hata kwa kinywa cha mtaalamu, ni nyumba gani yenye pipa na mrija.

Upande wa Mbeya mambo yalikwenda mbio zaidi, kwa sababu ya dhahabu. Machimbo ya Lupa, katika nchi ya Chunya, yalivuta maelfu ya vibarua katika miaka ya 1920 na 1930, na mji wa Mbeya wenyewe ulikua kwa ajili yake. Penye vibarua wasio na wake pana wanawake wapikao pombe, na penye mshahara wa mwezi pana mkopo. Wachimbaji wa Kizungu walilalamika juu ya ulevi, kisha walilalamika zaidi vibarua walipokimbia mahali pasipo na pombe. Pombe iliwaweka watu machimboni. Mtawala aliyetaka dhahabu itoke hakuweza kuifukuza yote, na asingaliweza kuiruhusu yote. Wageni waliotawala kusini kwa Afrika walikwisha kuliona jambo hilo mapema: mji wa Durban, tangu mwaka wa 1909 au karibu yake, uliifanya pombe ya Waafrika kuwa mali ya baraza la mji, na kwa faida yake ukalipia utawala wa Waafrika hao hao. Huko waliandika katika vitabu vya hesabu. Kwetu haikuandikwa.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1961 wengi walidhani kwamba mambo haya yangekwisha, maana sasa sheria ilikuwa yetu. Watemi waliondolewa katika utawala mwaka wa 1963. Mahali pao, karibu zaidi na mlango wa kila nyumba, pakaja balozi wa nyumba kumi wa TANU. Mwaka wa 1966 Bunge lilipitisha sheria ya moshi, iliyokataza kutengeneza pombe hiyo bila leseni, na mwaka wa 1968 sheria ya vileo, iliyoweka leseni na saa za kuuza kwa vilabu vya pombe. Katika miaka iliyofuata kiwanda cha serikali kilianza kutoa Konyagi. Msomaji ataona ajabu yake. Mvuke ule ule uliopozwa ukawa kitu halali katika chupa yenye chapa, na ukawa kosa katika chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Siwalaumu waliotunga sheria. Gongo huua, na aliyepata kumwona mtu amepofuka kwa pombe mbaya hatanena kwa wepesi kwamba iachwe huru. Nasema tu kwamba sheria ile ilimkuta mwanamke wa Mufindi na pipa lake, ikamwacha na pipa lake, ikampa bwana mpya.

Bwana huyo mpya hakuwa mmoja. Balozi alikuwa jirani, tena kiongozi wa chama, tena shahidi wa lazima polisi walipopekua nyumba. Hapana upekuzi uliofanyika bila yeye kuujua. Mwenyekiti wa kijiji alikusanya ushuru wa komoni halali, naye alijua kwamba mapato ya ushuru yangepungua kama wapikaji wangekimbilia kijiji cha pili. Mtendaji wa kata alihitaji watu wachangie shule, na wenye fedha taslimu kijijini, msimu usio wa mavuno, walikuwa wapikaji. Askari wa kituo kidogo, wawili au watatu, walikuwa na nchi ya kutembea siku nzima na baiskeli moja. Kila mmoja wa hawa alikuwa na sababu yake, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa njema. Ndiyo maana neno rushwa, ijapokuwa ni la kweli, halitoshi kulieleza jambo hili. Niliwajua askari wasiopokea hata senti, nao pia waliacha.

Yanipasa sasa kusema ninalolijua kwa macho. Nililelewa na shangazi yangu, mjane, katika kijiji kimoja cha Mufindi. Mchana alikuwa na leseni ya komoni, na msimu wa mvua aliuza ulanzi: mtogwa kwa wake na watoto, mkangafu kwa wanaume. Usiku, kijitoni, chini ya migomba, alikuwa na pipa. Ada yangu ya sekondari ilitoka katika pipa hilo. Basi mwandishi wa insha hii hana mikono safi kuliko wale anaowaeleza, na nimeona ni haki msomaji alijue hilo.

Mapatano ya shangazi yalikuwa na adabu zake. Askari hakudai. Alipita jioni akasema, "Kamwene, mama," naye akajibu, "Kamwene, baba, karibuni," akaleta kigoda. Walizungumza juu ya mvua na bei ya mahindi. Wakati wa kuondoka askari alisema, kana kwamba amekumbuka, "Alhamisi tutapita huku na mkubwa kutoka wilayani." Shangazi akasema, "Basi tutafagia." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yote. Alhamisi ilipofika wakubwa walikuta kijitoni pipa moja bovu, lililotoboka, na majivu ya jana. Wakalivunja mbele ya watu, ikaandikwa kwamba mtambo umekamatwa na mwenyewe amekimbia. Mkuu alipata habari ya kupeleka mkoani. Askari alipata sifa. Shangazi alipata mwezi mwingine. Lile pipa bovu, nilikuja kujua baadaye, lilikuwa likipokezanwa na wapikaji wanne kwa kazi hiyo tu.

Mwaka mmoja alikuja askari mwingine. Hakuwa mwovu, huenda alikuwa mwaminifu kuliko wenzake, au huenda alitaka kiasi kikubwa zaidi, wala sikupata kujua. Hakuketi kigodani. Shangazi alichukuliwa asubuhi, mbele yetu, akiwa na pipa zima na chupa kumi na nne, akafungwa miezi sita. Katika miezi hiyo gongo haikupungua kijijini hata kikombe kimoja. Mwanamke wa ng'ambo ya kijito aliongeza pipa la pili. Binamu zangu wawili waliacha shule, na mmoja hakurudi tena. Nimefikiri sana juu ya askari yule tangu nilipoanza kusoma historia. Alifanya kile sheria ilichomtuma, na kijiji kizima kilimhesabu kuwa ndiye aliyevunja ahadi.

Bangi ilikuwa na mapatano ya jinsi nyingine, yenye sauti ndogo zaidi. Pombe huuzwa kwa kicheko; bangi hupandwa katikati ya mahindi, mbali na njia, na anayeilima hutegemea kwamba hapana atakayefika. Adhabu yake ilikuwa kubwa, na ilizidi kukua. Sheria ya mwaka wa 1995 juu ya dawa za kulevya iliichukua bangi pamoja na heroini katika kitabu kimoja, na sheria ya mwaka wa 2015, iliyounda Mamlaka niliyoitaja hapo mwanzo, ilizikaza adhabu zaidi. Nia ilikuwa kuwatia watu hofu, na wengine waliingiwa na hofu kweli. Lakini hofu ina bei. Kosa la faini ya shilingi chache hununuliwa kwa shilingi chache. Kosa la miaka thelathini au maisha humfanya mkosaji auze ng'ombe, shamba na bati la nyumba, kabla jina lake halijaandikwa kituoni. Kadiri adhabu ilivyopanda, ndivyo kalamu ya askari mmoja, usiku, kando ya shamba, ilivyozidi kuwa na thamani.

Mahakama zimeliona jambo hilo kwa upande wao. Katika hukumu mashuhuri ya mwaka wa 2009 Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba kidhibiti lazima kiwe na maandishi yanayoonyesha mikono yote kilimopita, tangu kilipokamatwa mpaka kilipoletwa mahakamani. Katika kesi za dawa za kulevya mikono hiyo hupitia pia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na mara kadhaa kesi zimeanguka kwa sababu mnyororo wa mikono ulikatika. Ni kanuni ya haki, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Ila yaanza kufanya kazi pale karatasi ya kwanza inapoandikwa, na mapatano ninayoyaeleza humalizika kabla ya karatasi hiyo.

Sasa nageukia barabara, maana bila barabara nisingeweza kueleza kwa nini mambo ya kijitoni yana uhusiano na kilo 3,182. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwaka wa 1965, Zambia ilikatiwa njia ya kusini, na Tanzania ikawa mlango wake. Bomba la mafuta lilimalizika mwaka wa 1968. Barabara kuu ikafuata. Na mwaka wa 1976 reli ya TAZARA ilikabidhiwa. Nyanda za Juu za Kusini, zilizokuwa mwisho wa nchi, zikawa njia ya mataifa. Malori yaliyopanda Kitonga yakapumzika Ipogolo, Mafinga, Makambako, Mwanjelwa, na mwisho Tunduma, ambako nyumba za nchi moja hutazamana na nyumba za nchi nyingine. Wakati wa uhaba, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, barabara hiyo ililisha watu kwa magendo: sukari, sabuni, vitenge, matairi. Mwaka wa 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwapiga vita wahujumu uchumi, na kwa majuma kadhaa watu walitupa mali mitoni na vichakani kwa hofu. Yatupasa kuiheshimu nia yake. Lakini vita ile ilifunua kitu ambacho baadaye hakikutazamwa vya kutosha, kwamba bidhaa nyingi kiasi kile hazikuweza kusafiri mamia ya maili, na kupita vizuizi vyote, bila vizuizi kujua.

Katika muongo huo huo vidonge vya Mandrax vilikuwa vikitoka Bara Hindi kwenda Afrika ya Kusini, na vingine vilipita Afrika ya Mashariki na Zambia. Mwaka wa 1985 serikali ya Kenneth Kaunda iliwakamata watu kadhaa mashuhuri kwa tuhuma za biashara hiyo, na miaka michache baadaye Zambia ikaunda tume maalumu ya kupambana na dawa za kulevya. Jirani yetu alikubali hadharani kwamba jambo lilikuwa limefika sebuleni mwa wakubwa. Sisi tulichukua muda mrefu zaidi kusema.

Hapa yanipasa kutenganisha mambo mawili ambayo hufananishwa bure. Mapatano ya shangazi yalikuwa na mipaka, kwa sababu askari na mpikaji walionana kila siku, watoto wao walisoma darasa moja, na aliyezidisha tamaa alisemwa kanisani. Mapatano ya barabarani ni ya watu wasiojuana. Mwenye mzigo yuko mbali. Dereva hajui alichobeba, au hujifanya hajui. Mwenye kupokea fedha haoni mtu atakayeangamia, maana huyo yuko Johannesburg au Ulaya, au siku hizi yuko vichochoroni mwa miji yetu wenyewe. Hapana kigoda, hapana mazungumzo ya mvua, hapana kiasi. Lakini desturi ni ile ile. Mtu aliyejifunza katika kituo kidogo kwamba sheria ina mlango wa nyuma, na kwamba mlango huo hufunguliwa kwa neno dogo, haendi kizuizi kikubwa akiwa mtu mwingine. Gongo haikuileta heroini Iringa. Ilichofanya ni kuitangulia kufagia njia.

Na wanasiasa? Juu yao watu husema mengi na huthibitisha machache, kwa hiyo nitasema lile tu ambalo kila mkazi wa huku analijua. Tangu vyama vingi viliporudi mwaka wa 1992, msako wa gongo na ulanzi usio na leseni hupoa miezi ya kampeni. Hapana amri inayotolewa. Diwani humwambia mkuu wa kituo kwamba wananchi wana shida, mkuu wa kituo huelewa, na vilabu hujaa watu wanaosikiliza ahadi. Baada ya uchaguzi msako hurudi, na mara nyingine hurudi kwanza katika mitaa iliyopiga kura vibaya. Hilo la mwisho nimeliona mara moja tu, sitalifanya kanuni. Mwanasiasa hana haja ya kupokea fedha ya mpikaji; hupokea kitu bora zaidi, yaani watu wanaojua kwamba riziki yao imesimama juu ya huruma yake. Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyotoa taarifa yake mwaka wa 1996, iligawa rushwa katika ile ya wadogo, itokanayo na dhiki, na ile ya wakubwa, itokanayo na tamaa. Mgawanyo huo ulitusaidia sana. Lakini una kasoro moja, kwamba hauonyeshi kamba inayoziunganisha: huruma itolewayo kwa wadogo ndiyo inunuayo ukimya wanapopita wakubwa.

Mwezi wa Februari mwaka wa 2017, Dar es Salaam, majina ya wasanii, wafanyabiashara na wanasiasa yalisomwa hadharani na mkuu wa mkoa, watu wakaitwa polisi kwa zamu. Wako waliofurahi kwamba hatimaye pazia limeondolewa. Mimi nilikumbuka kitu kingine. Orodha ya majina ni silaha ya namna ile ile na faini ya mtemi: aliye nayo huchagua lini aisome na ni jina gani aliruke. Sheria ya mwaka wa 2015 ilikuwa imekwisha kuipa Mamlaka nguvu ya kukamata na kupeleleza yenyewe. Kwa kufanya hivyo Bunge lilikubali, bila kulisema, kwamba kazi hii haikuweza kuachwa mikononi mwa vituo vya polisi peke yake.

Kuna hoja dhidi yangu ambayo nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, nayo ina nguvu. Husema: ukiyavunja mapatano yote kwa ghafula, utaleta damu. Hutaja Mexico, ambako chama kimoja kilishika dola tangu mwaka wa 1929 hadi mwaka wa 2000, na ambako, kama wanavyoeleza wataalamu wengi, wakubwa wa chama na polisi waliigawa biashara ya dawa kwa maeneo na kuiwekea mipaka. Mapatano hayo yalipovunjika, na hasa jeshi lilipoingizwa mwaka wa 2006, maelfu kwa maelfu walikufa. Siwezi kulikanusha hilo. Hata kijijini kwetu, alipofungwa shangazi, palikuwa na ugomvi wa mapanga juu ya nani atachukua wateja wake. Lakini hoja hiyo huwasahau wale wanaoulipia utulivu huo. Hupimwa kwa wasiokufa, wala haipimwi kwa mwanamke ambaye kwa miaka kumi na minane hakupata kulala usiku mzima. Kama komoni ilipata leseni, na Konyagi ikapata chapa, yafaa tuulize kwa nini mpikaji wa tatu asiwekewe masharti ya usafi, kodi na mkaguzi, ili polisi wabaki na kazi ya kutazama malori. Wabunge wamepata kuliuliza hilo zaidi ya mara moja. Nashuku kwamba wako wasiopenda jibu lipatikane, kwa kuwa siku gongo itakapopata karatasi kuna watu wengi watakaopoteza kigoda.

Shangazi aliporudi kutoka kifungoni hakurudi kijitoni. Aliuza komoni na ulanzi tu, akalima, akanimaliza masomo kwa shida niliyokuja kuipima baadaye. Alipofariki tulifungua sanduku lake la mbao. Tulikuta risiti za leseni ya komoni tangu ya kwanza hata ya mwisho, zimepangwa kwa miaka na kufungwa kwa uzi mwekundu. Za zile fedha nyingine hapakuwa na hata moja.